Nguzo Iliyopimwa Ikiwa Imelowa

Wifi yangu hawezi kuegemea ukuta bila kuugonga kwanza. Siku alipoletwa kwetu kutambulishwa aligongagonga nguzo ya mlangoni kwa kidole, kaka yangu akaona haya. Ndiyo kazi yake: kupima mawe ya majengo ya kale bila kuyatoboa. Hupaka jiwe mafuta mazito, akabandika kipande kimoja cha chombo upande huu na cha pili upande wa pili, kisha sauti ambayo sikio haliisikii hupita katikati. Ikifika upesi, jiwe ni zima. Ikichelewa, huko ndani kuna ufa inaouzunguka.

Mvua zilipokatika alipima jumba ambamo mama yangu anashonea nguo, chini ya tao, ubavuni mwa nguzo nene. Majibu yalikuwa mazuri. Mama akawatangazia majirani: "Mkwe wangu kasema nguzo hii itanizika!"

Tangu hapo wifi hakutulia. Alikuwa akiinuka katikati ya chakula, akafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Kaka akaniomba niongee naye.

"Ilikuwa imelowa, wifi," akaniambia, akikamua kitambaa kikavu. "Maji yakijaa vitundu vya jiwe, sauti hupita mbio, na jiwe bovu hujifanya zima. Niliuona ukuta unachuruzika. Lakini mama alikuwa ananitazama vile…"

Sikumlaumu. Tangu baba afariki, mama hucheka akiwa pale tu.

Jua lilipokausha kuta vizuri tulikwenda sote wawili.

"Daktari umerudi?" mama akasema. "Mgonjwa si ulimruhusu?"

"Shikamoo, mama. Naomba nimpime tena."

"Marahaba. Mpime, ila usiniletee methali ya ufa na ukuta. Fundi viatu huyu kanichosha nayo."

Wifi akapaka, akabandika, akatazama. Akafuta, akasogeza, akarudia. Kila alipofika usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, sauti ilichelewa. Akampigia simu mkubwa wake, akamwambia jumba lifungwe leo hii. Kisha akainua upande mmoja wa meza ya cherehani.

"Weka chini!"

"Mama, nilikosea. Niliipima ikiwa na maji. Tutoke."

"Unanitoa mbele za watu?"

"Mbele za watu ndipo nilipokuhakikishia."

Mama akaitazama nguzo, kisha mikono ya wifi iliyojaa mafuta.

"Utanichafulia vitambaa vya wateja," akanung'unika, akashika upande wa pili wa meza. Fundi viatu akafuata na sanduku lake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na methali.

Tukaitua ng'ambo ya barabara. Mama akaketi, akapitisha uzi kwenye sindano, akatazama huku na huku. Ukimtoa fundi viatu, hakuna aliyekuwa akimjua upande ule.

"Hapa nitaongea na nani?"

"Nitakuja kukaa nawe, mama," wifi akasema, tayari anazunguka meza.

"Wewe! Wewe unajua kukaa?"