Hati Nisiyoisoma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa wakili mchanga katika ofisi moja ya ghorofani, Mji wa Kale, na kompyuta yetu ya kwanza haikuwa imemaliza hata miezi mitatu. Niliipenda kupita kiasi. Ndani yake mlikuwa na hati tayari za kila aina. Ukibadilisha jina na mahali, kazi imekwisha. Kusema kweli, kichwa kilikuwa kimenivimba.

Akaja Bi Zuhura, mjane, ataka kumwandikia binti yake hiba, yaani hati ya kumpa nyumba yake bure. Karani wetu Mzee Shee alikuwa na desturi ya kwenda nyumbani kwa mteja na kumsomea hati kwa Kiswahili kabla hajatia dole gumba. Akaniambia, "Enda kwanza ukaione hiyo nyumba, umuulize imekaa juu ya ardhi ya nani." Nikamcheka moyoni. Nikachapa hati, Bi Zuhura akatia dole, akaniombea dua, akaenda zake.

Wewe umezaliwa hapa, wajua kwamba kwetu pwani mtu huweza kumiliki nyumba na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Hati zile za kompyuta ziliandikwa na watu wasiojua hilo. Yangu ilisema Bi Zuhura anatoa nyumba pamoja na ardhi. Hati ilipopelekwa kusajiliwa, mwenye ardhi akaiona, akaamini mama huyu ataka kumdhulumu. Akampa notisi abomoe nyumba na aondoke.

Hofu iliyoniingia, mwanangu, sikuombei. Kila nikisikia mtu akipanda ngazi za ofisi, nilidhani ameleta habari kwamba nyumba imevunjwa. Bi Zuhura naye alikuwa hafungui mlango hata kwa jirani. Nilipokwenda kumtaka radhi, nilianza kumweleza habari za kompyuta na jinsi kosa lilivyoingia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na wewe, mwanangu, hukuisoma?"

Mzee Shee ndiye aliyekwenda kwa mwenye ardhi, mara tatu, mpaka akakubali hati irekebishwe na notisi akaiondoa. Lakini Bi Zuhura alikuwa keshahamia kwa binti yake Kisauni kwa woga, na hakurudi tena kulala katika nyumba ile. Alifia huko. Mzee Shee hakunigombeza, aliniambia tu, "Mashine haitaitwa kortini."

Sasa nakuona na hii akili bandia yako. Kompyuta yangu ilinakili tu; hii hutunga. Yasema kwa lugha laini, haisitisiti, na huweza kukutajia kesi ambazo hazikupata kusikizwa katika korti yoyote. Naogopa, na sioni haya kukwambia. Sikukatazi kuitumia. Mawakili wenzako wanaitumia, na wafanyabiashara wa Biashara Street wanataka mikataba yao leo leo; ukijivuta, watakwenda kwingine. Itumie, mwanangu. Ila kabla hujatia sahihi, isome hati neno kwa neno. Kesi itakazokutajia zitafute kwa macho yako. Kisha enda ukakae na mteja, umsomee kwa lugha aielewayo, umuulize yale ambayo mashine haikujua kuuliza. Na siku ukiwa umechoka mno kuyafanya hayo, mwambie mteja arudi kesho. Akikasirika, na akasirike.

Mungu akupe macho ya kusoma na subira ya kuuliza. Asikufikishe kwenye mlango wa mtu aliyekuamini, ukaogopa kupiga hodi. Amin.