Baraka ya Mzee Ekai

Mimi ni nesi kutoka Nyeri, nafanya kazi Lodwar kwa Waturkana, na sasa nasomea digrii. Darasani tunasisitiziwa kuheshimu mila za mgonjwa.

Siku ya mtihani wodini nilimnywesha mzee Ekai dawa ya maji. Akanitemea usoni, pwaa! Nikakumbuka kwamba Mturkana mzee akikutemea mate, amekubariki. Mate yenyewe yalikuwa mekundu, lakini nani huchagua rangi ya baraka? Sikujipangusa. Mwalimu alipofika kunitahini nilimweleza kwa madaha, uso ukinata, kisha nikapiga magoti kuomba baraka nyingine.

Mzee akamgeukia mwalimu. “Huyu nesi yuko sawa kweli? Dawa yake ni chungu, mimi nikatema.”

Mwalimu akafungua kalamu. “Kwa hivyo mgonjwa hajameza dawa?”