Kaburi la Baba Yake Koko

Kila mwaka, Novemba inapokaribia, maduka ya Brussels hujaza krisantemu, maua ya kupeleka makaburini, milangoni, na harufu ile ya uchungu-uchungu hunipandisha hasira hapo hapo. Mume wangu hunicheka: nani anagombana na maua? Basi nisikilizeni, mnihukumu wenyewe.

Utotoni tulikaa Anderlecht, hapa hapa Brussels, ghorofa ya saba, pamoja na Koko, mama mzazi wa papa, yaani baba yangu. Baba yake Koko alikuwa mpishi wa wazungu kule Bukavu. Wazungu wale walipokuja Bulaya, huku Ubelgiji, likizo walimbeba pamoja na masufuria yao, wakaahidi kumrudisha. Hakurudi. Koko alikumbuka mikono yake tu, iliyonuka vitunguu. Alizeeka bila kumlilia, maana kwetu mtu haliliwi mpaka ijulikane amelala wapi. Papa alikuwa na nia moja: Koko amlilie baba yake kabla Koko mwenyewe hajafa.

Kwa hiyo kila Jumatano, siku ambayo shule hufunga mchana, papa alinivuta twende komuni hii au ile, yaani ofisi za manispaa. Alikuwa anatoka zamu Woluwe, kuogesha wazee wa kizungu. Alivaa tai, tukapanda tramu. Komuni zilinuka kahawa ya mashine na makoti yaliyolowa. Papa aliomba rejista za wakazi: nani alihamia wapi, nani aliishi kwa nani. Karani mmoja, mama mwenye miwani ya kuning'inia, alimwuliza kwa nini hakuanza na rejista ya vifo, au makaburini. Papa akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

Koko alikuwa amekataza, jamani!

"Muntu hatujamulilia, weye unamutafuta ku makaburi? Bon, muuwe basi, nione!"

Kwake, kumtafuta kati ya wafu mtu ambaye hajaliliwa ni kumzika kwa mikono yako. Na papa, mwanamume mzima na diploma yake, akanywea. Tukamtafuta kati ya walio hai mtu ambaye angekuwa amepita miaka mia! Hata mimi, mtoto wa shule ya msingi, niliona ni upuuzi mtupu, lakini ukifungua mdomo unaitwa mutoto mubaya. Nikafunga mdomo, nikavimba.

Moyo wa Koko ulipoanza kumsumbua, papa akarudi kwa karani yule, akaomba rejista ya vifo kwa sauti ya chini, kama anayeiba. Jina lilipatikana kabla hatujakaa sawasawa. Baba yake Koko alikufa kwa ugonjwa wa kifua katika komuni ile ile, akazikwa kwenye makaburi yake. Tulikimbia, madimbwi yakiturukia. Mlinzi, mzee mpole mwenye buti za mpira, alitupeleka mpaka kwenye nyasi tupu.

Huku Ubelgiji, ndugu zangu, kaburi hukodishwa kwa miaka mingi. Muda ukiisha, hubandikwa tangazo juu yake: familia ijitokeze, la sivyo mifupa itahamishiwa shimo la pamoja. Tangazo la baba yake Koko lilikaa mwaka mzima, na kaburi lilikuwa limeondolewa juzi juzi tu.

"Personne n'est venu, monsieur," alisema mlinzi. Hakuna aliyekuja.

Mwaka ule ule, kila tulipotoka komuni ile, tulikuwa tukisubiri tramu mbele ya lango la makaburi yale! Papa alipiga teke ndoo ya maji ikaruka huko. Mimi nilitaka kumng'ata mlinzi wa watu.

Nyumbani, papa alipomweleza yote, Koko hakulia kwanza. Aliuliza tangazo lilisemaje. Papa akamtafsiria.

"Mais sisi tulikuwa hapa!" Koko akapiga meza kwa kiganja. "Tulikuwa hapa!" Yowe lake lilishuka ghorofa zote saba, na wamama wa Kikongo wakaanza kupanda na vitenge viunoni. Hivyo ndivyo matanga yalivyoanza.

Niliwachukia wote: komuni, mlinzi, papa na tai yake, Koko zaidi. Nimekuja kuelewa baadaye, nilipozaa, kwamba Koko alijua siku zote kwamba mzee amekufa. Hakuwa akilinda desturi. Alikuwa binti anayemngoja baba, na asingekubali mtu amwambie aache. Namwelewa, masikini, na bado namkasirikia.

Sasa Koko naye kalala kaburini, hapa hapa Anderlecht. Tarehe ya mwisho ya kukodi kaburi lake nimeiandika ukutani jikoni, kwa wino mwekundu. Wakija kubandika karatasi yao, watanikuta nimesimama pale.