Kaseti ya Jikoni

Mnisamehe kwa herufi zangu zinazolala na maneno niliyokosea. Nilimaliza shule ya msingi tu, na mkono wangu ni wa polepole. Lakini jambo hili bado linanikasirisha, na kwa mdomo sijui kulisema.

Kaka yangu mkubwa, niliyemwita Yaya kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, alitoka katika orkestra ya baa moja hapa Bunia kwa sababu alitaka kuimba peke yake. Ilikuwa miaka ile ya themanini. Mchana mmoja aliweka radio-kaseti juu ya kiti, jikoni kwetu, upande wa Shari, akashika gitaa. Mimi nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaacha.

“Unaacha juu ya nini?” Yaya akauliza.

“Si unarekodi?”

“Twanga, mutoto ya mama. Nitakufuata weye.”

Ndivyo kaseti yake ya kwanza ilivyotengenezwa. Haina ngoma, ina mchi wangu. Katika wimbo wa pili kuku anaingia, mama anamfukuza, Yaya anacheka kidogo, kisha anaendelea kuimba. Sijasikia muziki mzuri kuliko ule. Jirani yetu, dereva wa lori, alileta radio yake akanakili kaseti moja, akaenda nayo Nia-Nia.

Kisha Yaya akaipeleka kaseti yenyewe Mudzipela, kwa muuzaji aliyekuwa akinakili kaseti sokoni. Kwetu mwanamuziki hutupa majina ya wakubwa ndani ya wimbo, ndiyo kuwataja kwa sifa, na wakubwa hufurahi. Yaya hakutupa jina hata moja. Muuzaji akaona ni kosa. Akachukua mikrofoni, akayatupa yeye: wenye maduka, shemeji yake, meza yake mwenyewe tena na tena, juu ya sauti ya Yaya, juu ya mchi wangu. Alipomaliza, akarekodi hayo yote juu ya kaseti ileile ya jikoni.

Nilikwenda kwake, mimi ninayeogopa hata kuomba chumvi kwa jirani.

“Utoe sauti yako,” nikamwambia.

“Itatoka namna gani? Iko ndani.” Wateja wake wakacheka. “Wimbo bila jina ni nyumba bila mwenyeji, mutoto. Nilimusaidia yaya yako. Hata baba yenu nilimutupa. Haukumusikia?”

Nilimsikia. Na baba alifurahi, hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kila mgeni alipigiwa sehemu ile yenye jina la baba, kisha baba anazima. Yaya aliisikiliza mara moja tu. Akatundika gitaa ukutani, akaenda kuchimba dhahabu. Tangu hapo hajaimba.

Dereva alihama, na kaseti yake sijui iliangukia kwa nani. Ninyi mnaokaa njia ya Nia-Nia, kama kwenu iko kaseti ya gitaa moja, mchi na kuku, bila jina la mtu, tafadhali msirekodi kitu juu yake. Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama huu wangu. Nitasoma polepole, lakini nitajibu.