Vitenge vya Mama Neema

Mpaka leo nikipita mtaani kwetu Gongoni naangalia chini.

Marehemu mke wangu, Mama Neema, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Siku ya kuanua matanga mama yake alikuja kutoka Puge na ombi moja: aisikie sauti ya mwanawe vizuri, si kwa simu inayokwaruza. Mimi wa darasa la saba nikajitia ufundi. Nilitafuta programu ya muziki inayosifiwa, nikaweka nyimbo zake zisizobanwa, zile ambazo sauti haijapunguzwa ubora, nikaiamuru iishike spika peke yake, vitufe vya sauti vya kompyuta visiiguse, na icheze folda nzima bila kutua. Nikajiona injinia.

Sauti yake ilitoka safi, hata pumzi zilisikika. Mama mkwe akafumba macho. Wimbo ulipoisha ikafuata sauti yangu. Nilikuwa nimejirekodi kujaribu maikrofoni, nikizungumza na marehemu, nikaisahau humo humo kwenye folda.

“Mama Neema, dada yako kabeba vitenge vyako vyote kabla ya siku ya kugawa. Nimeshindwa kumwambia.”

Nikabonyeza kitufe cha kupunguza sauti. Haikupungua; ndivyo nilivyokuwa nimeiamuru. Nikabonyeza tena, jasho likinitoka.

“Shemeji, zima hicho kidude!” alifoka dada yake, naye amejifunga kimoja cha vitenge vilevile.

Mama mkwe akafumbua macho, akamtazama binti yake kuanzia kiunoni hadi miguuni.

“Usizime, Baba Neema,” akasema. “Vilikuwa vingapi?”