Siku Mama Mkwe Alipokuja Kuniona Kazini

Jamani, hii nawaambia nikiwa nimejifunika uso, kwa sababu hadi leo nikifika karibu na ile zahanati navuka barabara.

Mnajua nilimmwagia askari wa kaunti maji ya kuoshea omena, vile vidagaa ninavyouza pale sokoni Rongo. (Alikuwa amelipiga teke beseni langu, lakini hakimu hakuuliza habari za beseni.) Nikapewa kifungo cha nje, yaani nifagie zahanati na kufyeka nyasi badala ya kulala jela, na nikikosekana bila ruhusa narudishwa kortini. Sasa mama mkwe akanipigia simu, "Nyar Kosele," (yaani binti wa Kosele, ndivyo anavyoniita) "siku hizi asubuhi hupatikani, uko wapi?" nami mdomo bila kuniuliza ukajibu, "Nimepata kazi hospitali, pale zahanati, mama." Akashangilia, akaniombea, nikadhani yameisha.

Asubuhi moja nafagia, namwona huyo anaingia getini na akina mama wenzake wa kanisa la Sabato, anawaambia kwa sauti, "Mke wa mwanangu ni daktari hapa, hatutapanga foleni." Nikarukia nyuma ya tangi la maji, nikachuchumaa kwenye matope, nasema wataondoka tu. Kumbe siku hiyo hiyo afisa wa probesheni, yule anayetusimamia sisi wa kifungo cha nje, amekuja kukagua! Akasimama katikati ya uwanja, akaita majina yangu yote kama kortini.

Mama mkwe akamgeukia. "Unamtafuta daktari wetu?"

"Daktari gani, mama? Huyo ni mfungwa wa nje. Asipoonekana sasa hivi, namrudisha kwa hakimu."

Nikawaza jela, nikawaza watoto, nikawaza wale akina mama na midomo yao. Mwisho nikatoka, matope hadi magotini, fagio mkononi.

"Niko, afande." Sauti ya kifaranga.

Mmoja wa wale akina mama akacheka, wengine wakafuata. Mama mkwe hakucheka. Alienda akapanga foleni, mwisho kabisa, na nilipofika kwenye benchi lake akainua miguu nipitishe fagio, akaninong'oneza, "Hata ungekuwa jela ningekuja kukuona. Hapa ulikuwa unanificha nini?"

Nikaendelea kufagia huku machozi yanadondoka. Tangu hapo nimeapa: nikipatikana na kesi tena (Mungu apishe mbali), wa kwanza kumpigia ni mama mkwe, wakili atangoja.