Nilimlilia Mume Wangu Akiwa Hai

Admin, tafadhali toa jina langu na namba kabla hujaposti. Huku kwetu tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Nilizaliwa upande wa Kosele, nikaolewa Karungu. Mume wangu hutengeneza injini za boti. Jina lake sitaliandika hapa, nimeshalitaja vibaya mara moja, inatosha. Mimi nasuka nywele, na nikipata nafasi naigiza kwa hizi filamu za mtandaoni zinazopigwa huku kwetu. Uigizaji sijausomea mahali. Nilianzia michezo ya kanisa, kwa hivyo kile ninachojua nimekijua kwa kuumia.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapiga filamu karibu na kwetu Kosele, mimi nikiwa mke anayeletewa habari kwamba mumewe amekufa. Nilitakiwa nikimbie uwanjani nikilia. Mara ya kwanza chozi halikutoka. Mara ya pili wakanipaka kitunguu, nikapiga chafya, mshika kamera akasema, "Huyu analilia ugali," watu wakacheka mpaka nikaona aibu. Dairekta akanivuta nyuma ya jikoni. Ni kijana mpole, namheshimu. Akaniambia, "Madam, kamera inajua kitunguu. Wachana na mume wa kwenye karatasi. Si uko na wako? Mwite huyo."

Nikamwita. Na si jina la kitambulisho. Nilimwita lile jina mama yake humwita tangu akiwa mtoto, nikakimbia uwanja mzima nikijitupa chini vile wajane wa huku hulia. Sikujua niko na kitu kama hicho ndani yangu. Maziwa yalitoka yakalowesha blauzi. Dairekta aliposema "kata" hakuna aliyecheka. Mama mwenye boma alibeba kiti chake akaanza kuingia ndani, akaniambia tu, "Nyathina, mwanangu, mtu aliye hai haliliwi." Nikamwambia pole mama, ni mchezo. Lakini niseme ukweli, moyoni nilikuwa na furaha. Sijawahi kufanya kitu vizuri hivyo.

Dairekta akaweka kipande kidogo kwa mtandao, bila maelezo, ili watu wangoje filamu. Kikapita mkono kwa mkono mpaka Karungu. Mume wangu alikuwa kisiwani kwa kazi, simu imezima. Mama mkwe alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, jirani akamwonyesha simu. Akaona mke wa mwanawe anagaagaa chini akiita jina la mwanawe. Nani angemwambia ni mchezo? Hakujua hata kama mimi huigiza. Nilikuwa nimemdanganya naenda Kosele kusuka harusi.

Alipiga nduru, boma likajaa. Mume wangu alifika jioni na mfuko wake wa spana, akakuta viti vimepangwa na watu wanamlilia yeye. Wengine walikimbia. Wazee wakamzuia langoni, wakasema mtu aliyekwisha kuliliwa hawezi kuingia hivi hivi mpaka jogoo achinjwe, akasimama nje ya boma lake kama mgeni. Mama yake alipomwona hakufurahi vile mnafikiria. Alianguka. Presha. Mpaka leo mkono wa kushoto hauinuki, na maneno yanatoka nusu.

Mimi ndiye namwogesha, mimi ndiye namnywesha uji. Hanikatazi. Anageuza tu uso. Nikienda kuchota maji naulizwa, "Staa wetu, leo tunamlilia nani?" Mume wangu hajanipiga, hajanitukana. Aliniuliza kitu kimoja: "Ulijuaje kulia hivyo? Ama umekuwa ukifanya mazoezi?" Siku hizi analala kwa karakana.

Dairekta aliomba msamaha, akaondoa kile kipande. Lakini filamu yenyewe bado haijatoka, na upepo uliharibu sauti ya pale ninapolia. Sasa anataka Jumamosi niende studio Homa Bay nilie tena, sauti peke yake. Nikamwambia sawa, lakini nitaita Odera, jina la kwenye skripti. Akasema, "Midomo itakataa, madam. Watu wataona unaita mwingine." Basi kata hapo, nikamwambia. Akasema, "Uliweka sahihi. Na hapo ndipo filamu yenyewe, tukitoa tunabaki na nini?" Kweli niliweka sahihi, nimesimama, mtoto mgongoni, bila kusoma na bila kubaki na nakala. Wadogo zangu mnaoanza hii kazi, someni karatasi, ipigeni picha, ulizeni kila kipande kitawekwa wapi. Na watu wa nyumbani waambieni wenyewe kabla simu haijawaambia.

Kuna jambo lingine. Dairekta anasema kuna watu wa Nairobi waliniona, na sauti ikitoka safi wananitaka kwa kazi kubwa. Nimengoja miaka sita kusikia hayo maneno. Nikamweleza mume wangu. Akaendelea kupangusa mikono na kitambaa cha oili, akasema, "Ukiliita tena jina langu kwa huo msiba wenu, usirudi hapa."

Jana nikifua nepi nyuma ya nyumba nilijaribu. Nikasema Odera, Odera, kwa sauti, kwa huzuni yote niliyo nayo. Hakuna kitu. Macho makavu kama mchanga. Halafu nikalisema lile jina lingine, polepole tu, ndani ya meno. Kabla sijalimaliza machozi yalikuwa yanaingia kwa beseni. Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa kwa kiti chake kando ya mlango. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alikuwa ananiangalia.

Ninyi mlio kwa hii kazi, niambieni, mnalia na nani? Kuna njia ya kutoa chozi bila kugusa watu wako? Na Jumamosi, niende au nikae? Nishaurini, nitasoma yote, hata ya kunitusi.